Rula Isiyosema

Tanga, 5 Juni 2024

Mume wangu mpenzi Babu Benjamini,

Shikamoo. Na Bibi umpe shikamoo yake peke yake, usiimeze njiani kama ulivyomeza ile ya Pasaka.

Kesho kutwa Jafari atakushushia boksi refu kutoka kwenye gari lake la mboga. Msishtuke. Ni saundiba, yaani spika ndefu inayolala chini ya TV, pamoja na boksi la pili, zito, la besi. Mwezi wa nne nilipokuja kuwasalimu, TV yenu ilikuwa inaongea kama mtu aliyejifunika shuka. Nawe ulikuwa unamwitikia mtangazaji "ehee, ehee", wakati mtangazaji ameshaondoka na kilichobaki ni tangazo la sabuni.

Nina ombi moja tu. Nataka hiyo saundiba iwe inasema kabla ya Jumapili, tarehe 14 Julai. Siku hiyo, saa nne asubuhi, uwashe kituo kile cha tamthilia za Bibi. Na picha peke yake haitoshi, Babu. Lazima usikie. Usiniulize kuna nini, maana sitasema.

Kuunganisha si kazi. Heri, fundi wa duka lililo jirani na ofisi yetu, anasema uchukue ule waya mnene, mwisho mmoja kwenye TV, mwisho mwingine kwenye saundiba, basi. Bibi naye asiwe na wasiwasi: kila kitu ni kipya na kiko ndani ya nailoni yake, sijaruhusu mtu afungue hata kimoja.

Ningepiga simu, lakini simu ya nyumba hiyo unaishika wewe, na mara ya mwisho nilikuambia nimeshikwa na mafua ukanipa hongera.

Mkeo mdogo,
Esta

*

Vuga, 11 Juni 2024

Mke wangu Esta,

Marahaba. Bibi yako amepewa ya kwake, ameihesabu, imetimia.

Hiyo rula yako imefika. Naiita rula kwa sababu ndivyo ilivyo: ndefu, nyeusi, imenyooka, na haisemi neno. Nimefuata maneno yako. Nilikuta nyuma ya TV waya mnene mwingine umeshikilia tundu, nikaung'oa nikaweka huu wa kwako. Loo! TV ikawa giza tupu. Kumbe ule ulikuwa wa king'amuzi. Na hiyo ilikuwa ni saa ya tamthilia, siku ambayo yule mama mkwe mbaya alikuwa anakamatwa. Bibi yako hajanisemesha tangu hapo isipokuwa kuniambia chakula kiko mezani.

Karatasi ya maelezo nimeisoma. Ina lugha nyingi, nyingine zinaandikwa kama nyayo za kuku, lakini Kiswahili hakimo. Kishambaa ndiyo usiseme.

Tena nikuambie, mimi masikio yangu hayana shida. Watu wa siku hizi wanaongea meno yamefungwa. Sisi tulizoea sauti za kutoka tumboni. Unakumbuka nilivyokuwa nalipiga Dume kwenye bendi ya tarumbeta ya kanisa? Lile tarumbeta la besi lilikuwa likitoa sauti, kuku wa mchungaji wanaingia bandani mchana. Watu wote wakivuta pumzi mwisho wa mstari, mimi naendelea, maana besi ikinyamaza wimbo unakaa chini. Basi, jino hili la mbele likaniachisha. Dume limelala darini ndani ya blanketi, na mimi mambo ya matarumbeta sitaki tena kuyasikia.

Halafu huyo Heri ni nani? Naona barua fupi tu lakini ametokea. Mke wa mtu hatajitaji mafundi.

Mumeo,
Babu Benjamini

*

Tanga, 15 Juni 2024

Mume wangu mwenye wivu,

Shikamoo. Heri ni fundi. Ana miwani na anakula karanga siku nzima. Umeridhika?

Kwanza rudisha waya wa king'amuzi mahali pake, ukaombe radhi. Pili, Heri anauliza: je, saundiba inawaka taa? Rimoti inaikubali? Mimi nikamwambia ngoja, namjua Bibi yangu. Babu, niambie kweli: Bibi ameshaifumia kitambaa? Kama ameifunika, kile kitambaa kinaziba jicho la rimoti. Mwambie akisogeze kidogo tu, kisitolewe.

Tatu, Heri anasema TV yenu ni ya zamani kidogo, huenda haina tundu la ule waya mnene linalotoa sauti. Tujaribu bila waya. Bonyeza kile kitufe chenye alama ya bluu mpaka taa ianze kupepesa, usubiri ishike.

Umesema mambo ya matarumbeta hutaki kuyasikia. Mbona wewe ndiye uliyenifundisha kupuliza bua la jani la boga kabla sijajua kuandika jina langu? Ulinikalisha pale jikoni ukaniambia, "Vuta pumzi hapa, siyo pale." Jino linauma mpaka leo? Siku hizi meno yanatibiwa, Babu.

Tarehe 14 usiisahau.

Esta

*

Vuga, 22 Juni 2024

Mke wangu,

Ungekuwepo!

Kitambaa kweli kilikuwepo, cheupe, chenye maua ya pinki, kirefu kama rula yenyewe. Bibi yako alikifuma kabla hata boksi halijakauka ukungu wa njiani. Tulibishana, kikasogezwa. Rimoti ikakubali, taa ikawaka. Rimoti yenyewe iko ndani ya nailoni, kwa hiyo nabonyeza kwa nguvu kama napasua karanga.

Nikabonyeza hicho cha bluu. Taa ikapepesa, ikapepesa. Wakati huo mwinjilisti Kristian alikuwa amekuja kutuombea, kwa sababu Bibi yako alikuwa na kikohozi cha baridi hii. Tumefumba macho, Kristian yuko katikati ya sala, mara rula ikasema "Ting!" Nikajua sasa imeshika. Mama yangu! Nyumba ikalipuka singeli. Singeli, Esta! Ile ya kwenda mbio, yenye maneno ya kiuno. Vikombe vinatembea mezani. Bibi yako anapiga kelele nizime, mimi nabonyeza, nailoni inateleza, Kristian anajipapasa mifuko yote kama mtu aliyeingiwa na siafu.

Kumbe rula ilikuwa imeshika simu yake yeye! Alipoipata akaizima, akasema ni mtoto wa dada yake ndiye aliyeuweka ule wimbo. Sisi tukasema ndiyo, watoto wa siku hizi. Sala ikamaliziwa kwa ufupi.

Nikuambie kitu. Katika singeli ile, ule mdundo wa chini niliupata vizuri kabisa. Niliupata miguuni.

Lakini TV yenyewe bado ni bubu kwa hiyo rula. Tena nimefikiri sana juu ya hiyo Jumapili yako. Nimeanza kuelewa. Sisemi kitu.

Mumeo,
Benjamini

*

Tanga, 26 Juni 2024

Babu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea ofisini, nimecheka mpaka bosi akatoka kuuliza kuna nini. Ikabidi nimsomee. Naye akacheka mpaka akakaa chini. Mpe pole mwinjilisti Kristian.

Sasa sikiliza, hii ndiyo njia ya mwisho. TV yenu haina hiyo ya bila waya. Tutumie ule waya mwembamba wa mwanga. Ukiwasha TV, angalia nyuma, kuna tundu dogo lenye mlango, ndani yake kuna taa nyekundu. Waya unaingia pale kwa kusukuma. Mwisho wa pili unaingia kwenye saundiba, tundu lenye mlango kama huo. Halafu kwenye TV uingie sehemu ya sauti, utafute palipoandikwa OPTICAL, ukubali. Kwenye rimoti ya saundiba ubonyeze mpaka nayo iandike vivyo hivyo.

Heri anasema hapo lazima iseme.

Babu, tafadhali usichoke. Ni muhimu kwangu kuliko ninavyoweza kuandika. Na unachofikiri umeelewa, hujaelewa.

Esta

*

Vuga, 2 Julai 2024

Mke wangu,

Nimeshindwa, nakiri.

Tundu nimelipata. Taa nyekundu nimeiona. Sehemu ya sauti nimeingia, OPTICAL nimeikubali, na rula nayo imeandika hivyo hivyo. Waya nimeuchomeka huku na huku. Kimya. Na sasa hata ile sauti ndogo ya TV iliyokuwepo mwanzo imekwenda! Bibi yako anatazama watu wanafungua midomo tu, kama samaki. Ananiuliza wanasema nini, namwambia wanasema ngoja.

Halafu waya wenyewe hauingii wote. Unachezacheza, ukipiga chafya unadondoka. Nimeufunga kwa kamba ya mgomba, umetulia lakini hausemi. Mwambie huyo fundi wako amekuuzia waya mgonjwa.

Sasa nikuambie nilichoelewa. Kituo hicho Jumapili asubuhi kinaonyesha harusi na watu kuvishana pete. Bibi yako huwa anaangalia. Na wewe umesisitiza nisikie, nisikie. Utaulizwa kama unakubali, utasema ndiyo, halafu mle karanga pamoja maisha yote. Sawa, mke wangu. Mimi ni mzee, sitagombana. Koti langu nimelianika. Nitakaa nitazame picha, mdomo wako ukifunguka nitajua umekubali.

Rula namrudishia Jafari akipita Jumatatu. Usihuzunike. Mimi nimezoea kimya, hakina kelele.

Aliyekuwa mumeo,
Benjamini

*

Vuga, 3 Julai 2024

Mjukuu wangu Esta,

Ni mimi Bibi yako Yusta. Nakuandikia nikiwa kwa jirani yetu Tatu, huku chini bondeni, Babu yako akidhani nimekuja kuchukua mbegu za karoti. Simu hanipi, anapokea yeye, anasema "tunashukuru" halafu anakata.

Usikubali rula irudi. Nimeiona barua aliyokuandikia, akaifunga bahasha huku anapiga mluzi, lakini baadaye nilimkuta amekaa mbele ya TV ile bubu, ameweka mkono juu ya lile boksi zito. Ilinichoma.

Nikuambie ukweli ambao hajamwambia mtu. Jino lake la mbele ni zima. Meno yake yote ni mazima, juzi amekula mahindi ya kuchoma kunishinda mimi. Yaliyomwachisha bendi ni masikio. Ile sikukuu ya mavuno wenzake walimaliza wimbo, yeye akaendelea kupiga peke yake, kanisa zima linamtazama. Vijana wakacheka. Wala hawakucheka kwa ubaya, lakini alirudi nyumbani akaniambia, "Yusta, jino linanisumbua." Nikajua. Nikamchemshia maji ya chumvi asukutue. Ningefanyaje?

Ndiyo maana ulipoomba Dume nikakupa. Hajajua mpaka leo. Kule darini ndani ya blanketi nimemwekea maboga, akipapasa anaona bado ni nene. Moyo wangu kila siku unadunda akiitazama ile ngazi. Nataka asikie, Esta. Nataka akusikie wewe na Dume lake, halafu atukasirikie wote wawili akitaka.

Kuhusu vile vyombo usiwe na shaka, nimevitunza. Nailoni zote zipo. Rimoti iko ndani yake, lile boksi liko ndani yake. Hata kile kiwaya chembamba, Babu yako alitaka kukivua vile vikofia vyake vya plastiki kwenye ncha nikamkatalia katakata. Nikamwambia Esta ameandika kila kitu kikae ndani ya nailoni yake. Amekichomeka na vikofia vyake, hakijapata hata mkwaruzo.

Bibi yako,
Yusta

*

Tanga, 8 Julai 2024

Bibi yangu wa dhahabu,

Shikamoo! Shikamoo mara mbili!

VUA VIKOFIA, BIBI! Vyote viwili, huku na huku! Ule waya unapitisha mwanga, na mwanga haupiti kwenye kofia! Vua, vitupe, usiviweke kwenye kabati pamoja na vifungo. Halafu usukume waya mpaka useme "ta".

Heri amejipiga paji la uso mpaka karanga zikamwagika. Makosa ni yangu mimi niliyeandika habari ya nailoni, wewe umefuata tu.

Habari ya sikukuu ya mavuno nimeisoma nikashindwa kula. Alinidanganya kuhusu jino na mimi nikaamini, nikawa namletea dawa za meno kila likizo. Bibi, nilipokuwa narekodi kile kipindi cha Jumapili na bendi yetu ya hapa Tanga, nilifumba macho nikajifanya yuko nyuma yangu na fimbo. Kama hatasikia, nimepiga kwa ajili ya nani?

Nampa Jafari barua hii, nimemwapisha aiweke mkononi mwako, siyo mkononi mwa Babu. Mwambie Babu rula haiondoki. Mwambie mimi nimesema kama mkewe.

Esta

*

Vuga, 14 Julai 2024, jioni

Mke wangu Esta,

Marahaba, marahaba, marahaba. Zote hizo ni za shikamoo ambazo sikuziitikia vizuri kwenye simu.

Leo asubuhi nimevaa koti langu kwa ajili ya harusi yako. Kristian amekuja, Tatu amekuja, viti vikaisha. Bibi yako akainama nyuma ya TV, nikaona anang'ata ule waya. Nikadhani amechanganyikiwa. Akatema kitu kidogo mkononi, akatema na kingine, akasukuma. Ta! Nimeambiwa ilisema ta. Mara rula ikafungua mdomo, mbuzi wa Tatu aliyekuwa amefungwa nje akakata kamba.

Sikuwa na kiti, nikakaa juu ya lile boksi la besi. Nikasubiri bibi harusi. Wakatokea watu wa matarumbeta! Bendi ya kwanza, bendi ya pili. Nikataka kutoka, nikasema jino linaniuma. Bibi yako akanishika koti, akasema, "Benjamini, kaa." Unajua akisema hivyo huwa sina la kufanya.

Bendi ya tatu ikaanza. Huyo mpiga picha ni mtu wa ajabu, anaonyesha kofia za akina mama, anaonyesha watoto, anaonyesha ua. Wapigaji wa besi hakuwaonyesha, isipokuwa mdomo mmoja mkubwa wa shaba pembeni. Sauti za juu sikuzipata, nisikudanganye. Lakini ya chini ilinijia kutoka kwenye boksi, ikapanda matakoni, ikapanda mgongoni, mpaka kwenye kifua. Halafu ilipofika ile noti ya chini kabisa, ikakohoa.

Nikasimama.

Hakuna tarumbeta lingine duniani linalokohoa pale. Ni lile bonyeo lililoingia siku Dume lilipoanguka kutoka kwenye lori tukienda Bumbuli. Nikasema, "Yusta, hilo ni Dume." Bibi yako akatazama dari. Kristian akatazama simu yake. Nikakaa tena upesi ili nisikose, nikasikiliza mpigaji. Mwisho wa mstari wote wakanyamaza wakavuta pumzi, besi ikaenda, ikaenda peke yake, ikavuta kidogo katikati ya mstari uliofuata, mahali ambapo huwezi kuikamata. Hivyo nimemfundisha mtu mmoja tu, jikoni kwangu, na bua la boga mdomoni.

Nimelia, mke wangu. Mbele ya mwinjilisti.

Halafu nikapanda darini. Nimekuta maboga mawili makubwa yamefungwa blanketi. Na mimi kila Jumamosi nilikuwa napanda nayapapasa, nayaambia pole! Bibi yako amekimbilia kwa Tatu, atarudi njaa ikimshika. Kwa hasira nimevua nailoni zote za nyumba hii, za rimoti, za boksi, mpaka za makochi. Kumbe makochi yetu ni ya kijani! Miaka yote hii nilidhani ni ya kijivu.

Sasa mambo mawili. Kwenye ubeti wa tatu ulivuta pumzi pamoja na watu, nimekusikia, usirudie. Uje na Dume nikuonyeshe. Huyo Heri naye aje na karanga zake, nimtazame vizuri, maana mtu aliyehangaika kiasi hiki na masikio ya mzee asiyemjua, hangaiko lake lina sababu.

La pili, nimeshamwambia Kristian aniandikishe hospitali wanitazame masikio. Ukikutana na wenzangu wa bendi waambie jino langu ni zima, halijawahi kuuma hata siku moja. Ni masikio. Waambie sauti zao sizisikii tena vizuri, lakini Dume nimelisikia, na aliyekuwa nyuma yake nimemtambua bila kuonyeshwa uso.

Hongea, mke wangu, nakushukuru kwa Kishambaa chetu. Hongea sana.

Mumeo bado,
Babu Benjamini